Ubeti wa Tatu wa Mlango wa Uwani

Ijumaa, 10 Januari 2025

Mahakama ya nyimbo imekaa tena leo. Majaji wawili: mimi na Shemsa wa chini. Miaka thelathini na moja tunaishi nyumba moja hapa Mkunazini, yeye chini, mimi juu, uwa ni mmoja. Kila Ijumaa baada ya alasiri naweka spika kwenye ngazi, yeye analeta sambusa, tunachagua wimbo mmoja na kuwasikiliza wote waliowahi kuuimba. Kisha maksi. Ishirini ndiyo juu. Mimi ni karani pia, kwa sababu daftari ni langu. Shemsa ni jaji mkuu — kwa mujibu wa Shemsa.

Wimbo wa leo: "Mlango wa Uwani". Tulikuwa tukiukwepa siku nyingi. Tunaupenda mno, na kesi ya mtu umpendaye ni ngumu kuihukumu.

Bi Amne, kanda ya mwaka 1988. Hii ndiyo asili. Ishirini. Hatukujadili, tulitazamana tu.

Bendi ya hoteli moja ya Shangani. Polepole, saksafoni inalia, wageni wanafumba macho. Mimi pia nilifumba, nikasinzia. Kumi na moja. Shemsa katoa kumi na tatu kwa sababu mpiga ganuni ana sura nzuri. Nimepinga! Tunapima nyimbo, hatupimi masharubu.

Kijana wa Dar. Katia "beibi" mara arobaini na mbili. Tumehesabu, kwa vidole na kwa kokwa za tende. Mlango wenyewe wa uwani, kwenye wimbo wake, una geti na mlinzi. Shemsa kampa nne. Mimi saba, maana ngoma yake nzuri, mguu wangu ulikuwa unakwenda wenyewe.

Kidumbaki cha kina Ubwa, taarabu ya fidla na ngoma ndogo. Mbio, mbio, mpiga fidla kama anafukuzwa. Kumi na sita kwa sauti moja, na Shemsa kacheza mpaka kanga ikamdondoka.

Talib wangu alipita na kanzu yake ya msikitini, akauliza tofauti iko wapi, mbona wote wanaimba wimbo ule ule. Mume mwema, lakini masikio kapewa ya kupachikia miwani. Tumempiga marufuku kukanyaga uwani mpaka magharibi.

Kuna marudio mapya ya Wanu, yule binti anayeimba na kikundi chake kwenye maharusi. Mji mzima unayo kwenye simu. Mimi sijayasikia na sitaki. Spika ya simu ni kopo. Wimbo wa taarabu nausikia mara ya kwanza shughulini, mwimbaji mbele yangu, au sisikii. Shemsa ameshasikia. Akaanza, "Lakini Wanu ule ubeti wa—" nikatia vidole masikioni na kuimba kwa sauti mpaka akachoka.

Ubeti wa tatu ndio wetu. Niuandike hapa, ingawa naujua kuliko namba yangu ya simu:

Usinipigie hodi, uwani ni njia yako
Hata kukiwa baridi, moto wangu ndio wako
Sitaki kwako ahadi, nataka kivuli chako

Kila harusi tuliyokwenda pamoja, wimbo ukifika hapo, nainuka na noti yangu, namgusa Shemsa begani, nakwenda kumtunza mwimbaji. Watu wanajua. Kutunza ni kusema bila kufungua mdomo: ubeti unaoinukia ndio neno lako, na unayemtazama ndiye unayemwambia. Miaka yote hiyo neno langu ni hilo moja.

Jumatatu, 13 Januari

Bi Mwanakheri kaja dukani kwangu Mlandege kupunguziwa buibui. Pini mdomoni, nimepiga magoti kwenye pindo lake, naye juu huko anauliza: je, nyumba ya Shemsa atahamia nani?

Nyumba gani?

Ile ya chini! Si wanahamia Fumba, kwenye majumba mapya? Mwanawe Abrahman amenunua. Harusi ya Faiza itafanyika huko huko, na wakishamwoza binti hawarudi tena.

Nimejichoma sindano. Damu kwenye buibui jeusi haionekani, alhamdulillahi. Nilisema ndiyo, najua. Sikujua! Gauni la Faiza nalishona mimi, wiki ya tatu sasa, na kila nikiuliza harusi wapi naambiwa ukumbi bado.

Jioni Shemsa akapanda ngazi kuomba ndimu. Tukazungumza habari za ndimu. Zimepanda bei. Nikampa mbili. Nikamuuliza kuna habari gani? Akasema hakuna.

Hakuna!

Alkhamisi, 16 Januari

Bado hajasema. Na mimi siulizi. Mwenye neno ni yeye.

Kuna maboksi matatu ya mafuta ya kupikia chini ya ngazi. Matupu. Nimeyatikisa.

Jumapili, 19 Januari

Sijui nianzie wapi. Nianze na nguo, maana nguo zilikuwa nzuri.

Jana ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani, ukumbini Kikwajuni, wanawake watupu, baada ya alasiri. Sare ya zambarau, kumi na moja nimezishona mimi, hakuna hata moja iliyovuta kwapani. Mimi na Shemsa safu ya mbele kama kawaida. Hajasema, sijauliza. Tunachekeana kwa meno.

Akapanda Wanu. Binti mwembamba, ukimwona utasema apewe uji kwanza, halafu inatoka sauti ile! Akauanza "Mlango wa Uwani". Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa, tena kavuta neno la mwisho mpaka vinyweleo vikanisimama. Nikamnong'oneza Shemsa: kumi na nane. Akaninong'oneza: subiri.

Fidla zikacheza, zikaisha, na mimi nimeshasimama. Mimi siku zote sisubiri maneno. Miguu inajua. Noti kati ya vidole viwili, nikamgusa Shemsa begani, nikamgeukia huku nakwenda, kama desturi. Wanu akafungua mdomo — siyo ubeti wetu! Ni ule wa virago, ule ambao kwenye kanda ya Bi Amne unakuja mwisho:

Wafunga virago vyako, na mimi nimefichiwa
Habari ya hama yako sokoni nimeambiwa
Haya nenda zako huko, na pengo litajaziwa

Ukumbi uliripuka. Vigelegele! Kumbe wote walishajua habari ya Fumba, aliyekuwa hajui ni mimi tu. Bi Mwanakheri kapanda juu ya kiti, na umri wake ule na magoti yale. Mimi nikafika jukwaani, nikatoa noti, nikageuka. Kiti cha Shemsa kitupu. Sahani ya biriani haijaguswa — na Shemsa si mtu wa kuacha biriani hata nyumba ikiwaka moto.

Nimemweleza kila mtu aliyekuwa karibu. Kwa Bi Amne ubeti ule ni wa nne! Mimi nimeinukia wa tatu! Hakuna anayesikiliza. Walikuwa wananipongeza! Mmoja kanikumbatia, kasema nimempa za uso, watu wa kuhamahama ndio dawa yao.

Nimekosea. Ni makosa. Yule binti kapanga beti anavyotaka, mimi nifanyeje?

Talib anasema nishuke chini nimwambie nimekosea, basi. Kwa wanaume mambo yote ni ngazi kumi na nne.

Nimeshuka. Nimegonga. Faiza kasema mama kalala. Saa tatu za asubuhi!

Jumanne, 21 Januari

Shemsa anaanika nguo nikiwa dukani na kuzianua kabla sijarudi. Uwa mmoja na hatuonani. Inataka ufundi.

Jana nilimpelekea mchuzi wa pweza. Anaupenda, nikauzidisha nazi kwa makusudi. Bakuli limerudi leo limeoshwa, limefutwa, linang'ara — tupu. Miaka thelathini na moja bakuli halijawahi kurudi tupu baina yetu. Hata siku aliyofiwa na mumewe lilirudi na kipande cha mkate. Nimelitazama mpaka Talib akauliza kama limepasuka.

Mchana Faiza kaja dukani. Mama kasema gauni lichukuliwe lilivyo. Lina mkono mmoja! Nikamuuliza ataolewa nusu? Akacheka, maskini, kisha akakumbuka kuwa hatuchekeani. Kaambiwa asikae, kwa hiyo kanywa chai kasimama, vikombe viwili, na kachori nne. Kasema mama yake siku hizi hafungui hata redio.

Hiyo imeniuma kuliko bakuli. Shemsa bila redio! Yule hata akiwa na homa anasikiliza, anatoa maksi kwa vidole.

Gauni sijatoa. Nimesema mashine imeharibika. Mashine ni nzima.

Jumatano, 22 Januari

Maboksi sasa kumi na manne. Mengine mazito.

Ijumaa, 24 Januari

Mahakama haikukaa. Nilitoa spika, nikaiweka kwenye ngazi, nikairudisha ndani.

Halafu imekuja kadi.

Kadi! Mimi! Kadi wanapelekewa wakubwa wa maofisini na jamaa wa mbali ambao majina yao unayauliza. Mtu wa ndani haalikwi. Anaitwa tu: njoo, mchele haujachaguliwa. Basi. Akichelewa anatukanwa. Harusi ya mwanawe mkubwa, Abrahman, mimi nilikuwa nyumbani kwao siku nne, nilirudi kwangu kuoga tu. Leo nimeletewa bahasha ya waridi yenye utepe: "Bwana na Bibi Talib. Mnakaribishwa kwa heshima na taadhima." Jumapili tarehe pili, Fumba.

Bibi Talib! Mimi jina langu Nasima, na anayelijua ni yeye.

Talib kafurahi. Kasema kadi nzuri, ina dhahabu. Nusura nimmwagie chai.

Nimelia kidogo chooni. Sioni sababu ya kutoandika. Nimelia, nikanawa uso, nikawaza: ugomvi huu ni wa beti, basi utamalizwa kwa beti. Nitamletea ushahidi. Kanda ya Bi Amne yetu imeshachakaa, pale kwenye ubeti wa tatu inameza maneno. Nitatafuta iliyo safi. Nitamwekea mbele yake, asikie mwenyewe kuwa kwenye asili ubeti wa tatu ni "usinipigie hodi", na kwamba mwenye kosa ni Wanu. Jaji mkuu hatakataa ushahidi.

Jumapili, 26 Januari

Mwanakwerekwe, kwa fundi Wakil, anayetengeneza redio nyuma ya soko. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunuliwa matumbo, na ukutani kuna santuri za zamani kwenye mifuko ya khaki. Nimemwambia shida yangu: "Mlango wa Uwani" ya Bi Amne, ya asili, safi.

Wakil ni mtu wa taratibu. Kaweka bisibisi chini, kauliza nataka ya Bi Amne au nataka ya asili.

Si ni hiyo hiyo moja?

Siyo. Bi Amne aliurudia. Wimbo ni wa kale, wa wakati wa santuri, na aliyeutoa ni mwanamme.

Nikabisha. Nimebisha robo saa nzima! Nikamwambia mimi wimbo huu nimeukuta na meno yangu ya utotoni, asinifundishe. Kapanda kigoda, kashusha santuri moja, kaifuta kwa kanzu, kaitia kwenye gramafoni. Kukwaruza, kukwaruza, halafu fidla — na kweli, mwanamme. Sauti ya mtu mwenye mafua. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu:

Wafunga virago vyako.

Wa tatu! Kumbe Wanu hakupangua kitu. Binti wa watu kafuata asili hatua kwa hatua, aliyepangua ni Bi Amne! Miaka thelathini na moja mahakama yetu tukufu imetoa ishirini kwa marudio, na marudio ya wengine, masikini, tukayacheka. Nimecheka pale kibandani mpaka machozi, wateja wakanitazama. Shemsa angekuwepo angekaa chini kabisa.

Nikanyamaza lakini, maana santuri ilikuwa haijaisha. Yule bwana akimaliza "pengo litajaziwa" hapumziki. Fidla hazingojewi. Pumzi ile ile ya hasira anaingia nayo: usinipigie hodi, uwani ni njia yako. Ndio ubeti wa mwisho. Anagomba, kisha anafungua mlango. Bi Amne kafungua mlango kwanza, halafu akamaliza kwa ugomvi, sijui nani alimuudhi mwaka ule. Beti ni zile zile, maneno ni yale yale, na si wimbo mmoja. Talib hili hatalifahamu mpaka kiyama.

Maksi za bwana wa mafua: sauti tisa. Mpango wa beti ishirini.

Na siku ile Kikwajuni — wiki imepita sasa — Wanu aliimba ubeti wa nne, lazima aliimba. Mimi sikuusikia. Nilikuwa natafuta viatu vya Shemsa mlangoni.

Wakil kanirikodia kwenye simu. Kakataa malipo, kasema nimemchekesha.

Jumatatu, 27 Januari

Ushahidi ninao. Leo kutwa dukani nimefanya mazoezi ya hotuba, midomo inakwenda, wateja wanadhani nasoma uradi. Hotuba yenyewe hii: Shemsa, mimi na wewe tumekulia kanda ya Bi Amne. Miguu yangu inajua ubeti wa tatu ni wetu. Sikuwa nimemsikia Wanu, na wewe ni shahidi, nilitia vidole masikioni mbele yako. Kwa hiyo sina kosa.

Hotuba nzuri. Haina pa kushikwa.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike.

Toka kiti changu mpaka jukwaani ni hatua kumi na moja. Nimezikumbuka moja moja. Kuinuka, ni makosa. Kumgusa bega, makosa. Hatua ya kwanza, ya pili, makosa. Ya tatu nilisikia "virago". Nikasikia vizuri, Wanu hamezi maneno. Zikabaki nane. Ningeweza kujikwaa. Ningeweza kuinama kutengeneza kiatu, kukohoa, kumtunza mpiga fidla, kurudi nikakaa nikasema oh, nimekosea, na ukumbi mzima ungecheka na Shemsa angecheka kuliko wote.

Nilisikia, nikaenda. Tena nilimtazama. Tena — Mungu anisamehe — bega langu la kushoto nililirusha kwa kejeli, kwa hiari yangu. Na ilikuwa tamu. Hatua nane tamu kweli kweli. Wiki nzima nilikuwa na jiwe kifuani, habari ya mtu wangu naambiwa na Bi Mwanakheri nimepiga magoti, na pale ukumbini mtu mwingine kanisemea kwa fidla. Nikamtunza kwa moyo mmoja. Nilipogeuka nikaona kiti, utamu ukaisha.

Sasa ushahidi wa Wakil unasaidia nini? Unatetea hatua tatu.

Gauni limekwisha. Mikono miwili. Nimetia na lulu za shingoni ambazo hakuniagizia mtu.

Alkhamisi, 30 Januari

Naandika nikiwa Fumba. Nyumbani kwa Shemsa, walikohamia juzi, chumba cha nyuma, nimesimama, daftari kwenye kizingiti cha dirisha. Nyumba inanuka rangi mpya. Harusi ni Jumapili, na wageni wa Dar wanaanza kufika kesho. Niandike haraka.

Nimekuja na gauni begani. Mlango wa mbele, nimepiga hodi tatu kama watu wa kadi. Kafungua Shemsa mwenyewe, mikono ina unga. "Karibu, Bi Nasima. Hujambo? Bwana Talib hajambo? Biashara?" Salamu kamili, haikupungua hata herufi. Shemsa akiwa radhi nawe anakuuliza umelala vipi mbona uso umevimba. Akikuheshimu, ujue umekwisha.

Faiza kalichukua gauni kalikimbiza ndani kulijaribu. Tukabaki wawili jikoni. Anasukuma chapati, hanitazami. Nikatoa simu. Nikaiweka juu ya boksi, nikabonyeza.

Shemsa hawezi kutosikiliza. Anaweza kukunyima maneno, anaweza kukurudishia bakuli tupu, lakini wimbo ukilia masikio yake hayana kufuli. Ubeti wa kwanza, kifimbo cha chapati kimepunguza mwendo. Wa pili, kimesimama. Wa tatu kazima jiko. Wa nne kauliza nani huyu mwenye mafua.

Nikamweleza. Santuri, Wakil, mwanamme, Bi Amne aliurudia. Kaniangalia mara ya kwanza tangu Kikwajuni. Akauliza, kwa hiyo Bi Amne wetu ni marudio? Nikasema ndiyo. Na tulimpa ishirini? Kila mara. Mdomo wake ukaanza kwenda upande, ule upande wa kicheko, nikamwona anaurudisha kwa nguvu.

Hapo ningeweza kunyamaza. Kesi nilikuwa nimeishinda. Yeye ndiye hakunyamaza.

"Kwa nini uliinuka najua," kasema. "Nlijua pale pale, hujamsikia Wanu. Sijakasirikia kuinuka."

Nikaizima simu.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulipofika wapi?"

"Hatua ya tatu."

"Mimi nlihesabu ya nne. Nkasema, sasa atarudi. Ya tano nkasema atarudi. Nkangoja mpaka ya saba, Nasima."

Nikalia, bila kelele. Akanivuta mkono kunitoa penye unga, maana nilivaa nyeusi. Nikamwambia kweli yote, hata lile bega. Kisha na mimi nikatoa langu, kwa sababu nisingelitoa lingeniozea: yeye angenambia lini? Bi Mwanakheri anajua, muuza ndizi anajua, mimi nashona gauni kwa ajili ya ukumbi usiojulikana uko wapi.

"Nlikuja kukwambia," kasema. "Kila jioni. Nafika ngazi ya juu, naisikia cherehani yako. Nasema kesho nikiamka sitaisikia mashine hii, ntasikia nini? Nnashuka. Siku ile nlishafungua mdomo kabisa. Nkaomba ndimu."

Ndimu mbili! Na mimi nikampa.

Hakuna aliyeomba radhi. Niandike ilivyokuwa, nisiipambe. Kawasha jiko, karudi kwenye chapati, mimi nimekaa juu ya boksi nikatazama ukuta mweupe usio hata msumari. Nikafikiri basi, tumemaliza, kila mtu kasema lake, Jumapili nitakuja na Talib tukae meza ya wageni, tule, tupige picha. Nyumba ya chini Mkunazini atahamia sijui nani. Ijumaa zitakuwa siku tu.

Faiza akatoka na gauni. Ma sha Allah. Mikono yote miwili imekaa. Mama yake kamzunguka mara mbili, kaziona lulu, kagusa moja kwa kidole, kaniangalia, hakuuliza. Kamwambia Faiza alivue asije akalitia mafuta.

Kisha kanawa mikono. Akasema njoo.

Kanipitisha ushoroba, kafungua mlango wa chumba hiki. Kitupu. Hakina kitanda wala boksi. Dirisha kubwa, na mwanga umetandika sakafu nzima. Kasema jua linaingia hapa asubuhi mpaka adhuhuri, haliunguzi. Kasema majumba yote haya yamejaa watu na hakuna fundi wa nguo hata mmoja, mtu kupunguza suruali mpaka aende mjini. Kasema Abrahman alitaka kuweka vitu vyake vya mazoezi, kamkatalia.

Nikamuuliza unasema nini, Shemsa?

"Sisemi kitu. Nnakuonesha dirisha."

Akaondoka zake. Robo saa sasa. Namsikia jikoni, kafungua redio, nadhani ya Faiza, inakwaruza, anazungusha anatafuta stesheni.

Mlandege nina duka, na wateja, na Talib hajawahi kuvuka Mwanakwerekwe ila kwa mazishi. Siku mbili kwa wiki labda. Tatu. Sijasema kitu! Nimeonyeshwa dirisha, nalitazama.

Tepu ninayo shingoni, nimetoka nayo nyumbani bila kujua. Upana nimepima: futi tano na inchi mbili. Meza ya cherehani inaenea, na pembeni panabaki nafasi ya mtu kukaa.

"Nasima!" Huyo ananiita. Siyo Bi Nasima. Nasima mtupu, kwa ile sauti ya kutukana mtu aliyechelewa.

Naam — nakuja, nakuja. Nipime kimo kwanza.